Daftari la mita: kumbukumbu za mradi wa mazingira katika hoteli moja ya Mombasa

Kazi yangu ni kuzisaidia biashara zipange mambo ya mazingira kwa miaka mingi mbele na kuwashirikisha wafanyakazi wao. Hizi ni kumbukumbu za mwaka 2025, nilipokuwa na hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Wenyewe wameniruhusu nizitoe mradi nisitaje jina lao.

Jumatatu, 13 Januari

Nimeanza leo. Vyumba mia na kitu, bahari mbele, kisima cha maji ya chumvi nyuma ya jiko. Wakurugenzi wanataka mpango wa kufika 2035. Mawakala wa watalii wa Ulaya siku hizi hawaleti wageni kabla hawajajibiwa maswali yao ya mazingira, na gharama za stima, dizeli na maji zinaumiza. Sheria nayo ipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinamtaka anayetumia uniti 180,000 za umeme kwa mwaka au zaidi afanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotokea.

Mkurugenzi ameniuliza ripoti itakuwa tayari lini. Nimemwambia Aprili, ila kwanza nipewe ruhusa ya kukaa na watu wa dobi, jiko, bustani na mitambo.

Jumatano, 15 Januari

Nimeshinda dobini. Mama anayesimamia yuko hapa tangu wanawe wakiwa shule ya msingi, na sasa ana wajukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutuhesabia mashuka?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza. Akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Basi njoo nikuonyeshe maradhi yenyewe," akanipeleka chumba cha boila.

Fundi alikuwa ameifungua aisafishe. Ndani ya mirija ukoko mweupe umeganda kama wa sufuria ya wali uliosahauliwa motoni. Fundi akaukwangua kwa bisibisi, kipande kikaniangukia kiganjani: kizito, upande mmoja laini kama kigae, upande wa pili umejaa vitundu kama tumbawe. Na asili yake ni tumbawe kweli. Kisiwa cha Mombasa na ukanda huu wote umekalia mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yakipita humo hubeba chokaa. Yakichemshwa, chokaa inaganda. Ukoko unazuia joto lisifike kwenye maji, kwa hiyo boila inakunywa dizeli zaidi kufanya kazi ile ile. Maji hayo pia hayatoi povu, na sabuni inakwenda maradufu.

"Zamani palikuwa na birika pale," mama akaniambia, akielekeza mkono mahali penye maegesho ya magari. "Tukikinga mvua. Mashuka yakitoka laini, hata sabuni hujaimaliza. Walipojenga upande mpya wakalivunja."

Nimeandika maneno hayo kabla ya kitu kingine chochote. Maji matamu ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima ndani ya Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kule Kwale. Yakikatika, hoteli inanunua ya bauza. Ilhali mvua haina chokaa, na mji huu unapata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nimelipima paa la dobi kwa futi kamba: mita 300 za mraba na ushei. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni kama lita 300,000 kwa mwaka, hata kama sehemu itapotea. Waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliweka birika ndani, na misikiti yetu ya zamani inayo. Maarifa haya yalikuwepo hapa, yakavunjwa kwa ajili ya magari ishirini.

Jumatano, 5 Februari

Tumeunda timu ya mazingira, watu kumi na wanne. Nimekataa kupewa wakuu wa idara peke yao. Wamo mama wa dobi, fundi wa boila, wawili wa jikoni, askari wa zamu ya usiku, wasafisha vyumba na vijana wa bustani.

Kijana mmoja wa bustani amejitolea kusoma mita kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni hawajaamka: stima, maji ya kaunti, maji ya kisima, dizeli. Nimemnunulia daftari la jalada gumu, nikamchorea mistari. Ana mwandiko wa kutulia, na kila tarakimu ya saba huikata kistari katikati. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwalimu wake wa hesabu kule Kaloleni aliwafundisha hivyo ili saba isichanganywe na moja. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kushika mita.

Jumanne, 18 Februari

Kaskazi, msimu wetu wa joto, imepamba moto na viyoyozi havipumziki. Fundi wa nje ameitwa kutengeneza kimoja cha zamani kinachotumia gesi ya R-22. Alifungua valvu, gesi yote ikatoka hewani kwa mlio mrefu, kisha akajaza nyingine. Hakuna aliyeshtuka kwa sababu wengi hufanya hivyo.

Jioni nimekaa na timu tukapiga hesabu. Kilo moja ya R-22 inapasha dunia joto kama kilo 1,800 hivi za hewa ukaa. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi. Maana yake mtungi ukipoteza kilo moja tu, ni kama kuchoma zaidi ya lita 600 za dizeli. Gesi hiyo pia inakula tabaka la ozoni, ndiyo sababu Itifaki ya Montreal ya 1987 iliipangia mwisho, na kwa nchi kama yetu mwisho huo ni 2030. Fundi wa boila, ambaye kwa mwezi mzima amekuwa akiulizwa kuhusu dizeli yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tumekuwa tukimfukuza paka, na chui yuko juu ya dari."

Amesema kweli. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kuzima taa kunaokoa fedha, na tutazima. Lakini moshi na joto linalotoka hotelini hapa liko kwenye dizeli ya boila, dizeli ya jenereta na gesi ya viyoyozi. Tangu leo mtungi wa gesi unapimwa kwenye mizani kabla ya kazi na baada yake, na gesi ya zamani inavutwa kwa mashine. Fundi asiye na mashine hiyo hapewi kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani. Semina zote nimezihamishia asubuhi. Leo tulikwama kwenye neno. Mabango niliyoyaleta yalisema "uendelevu", na nyuso zilikuwa kama ukuta. Ni neno la vitabuni, halimwambii mtu afunge koki.

Askari wa usiku, mzee wa Kisauni, ndiye aliyetukwamua. "Hili si ni israfu tu?" akauliza. Chumba kizima kikaamka. Israfu kila mtu anaijua, Mwislamu na asiye Mwislamu: wali unaomwagwa, maji yanayoachwa yakitiririka. Mzee akakumbusha kuwa hata maji ya udhu tumefundishwa tusiyafuje. Dada mmoja wa jikoni, Mkristo wa Mikindani, akasema kwao mkate ukianguka unaokotwa. Dakika arobaini watu walizungumza bila kusukumwa, na nilitoka na mambo kumi na moja ambayo hayakuwa kwenye orodha yangu. Moja ni bomba la maji moto linalopita nje ya ukuta bila kufunikwa, kutoka boila hadi upande mpya. "Paka hulala juu yake," dada huyo alisema. Nimekwenda kuangalia. Wamelala watatu.

Mabango yamebadilishwa.

Jumanne, 8 Aprili

Matangi matatu ya lita 10,000 yamesimama nyuma ya dobi, milizamu imefungwa kuzunguka paa, na kuna mahali pa kumwaga maji ya mwanzo yanayokuja na vumbi na kinyesi cha kunguru. Bomba la paka limevikwa. Nimekabidhi ripoti pia, kurasa arobaini, na bodi imeipitisha. Mama wa dobi alizunguka matangi yote matatu akiyagonga kwa kiganja, kama anayenunua tikitimaji.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ngumu kuliko zote.

Nilikuwa Nairobi wiki tatu. Masika imeanguka sawasawa. Nimefika nikitarajia matangi yamejaa, nikakuta maji yanamwagika ukutani na rangi imevimba mapovu. Nimepanda ngazi mwenyewe. Milizamu imezibwa na majani ya mkungu, yale mapana mekundu, yamelaliana kama sahani, na juu yake majani ya mvinje yamesokotana kama ususi. Tangi la kwanza lina maji hadi magotini, mengine mawili makavu. Wiki tatu za mvua kubwa kuliko zote za mwaka zimekwenda baharini.

Nimemuuliza meneja, "Vijana wa bustani wako wapi?"

"Msimu umekwisha, bwana. Tumewapumzisha mpaka Julai."

Nimechukua daftari la mita. Mpaka tarehe 30 Aprili, saba zote zimekatwa kistari. Tarehe 1 na 2 Mei kuna mwandiko mwingine, saba zake hazina kistari, na sikuweza kujua kama ni saba au moja. Baada ya hapo kurasa tupu.

Kati ya wale kumi na wanne, tisa walikuwa vibarua au wa mkataba wa msimu. Hilo sikuuliza mwezi wa Februari. Niliuliza idara, zamu na lugha, lakini sikuuliza mtu ameajiriwa vipi.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbili naigeuza ripoti. Ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa "wafanyakazi watasafisha", "wafanyakazi watapima", "wafanyakazi watafundishana". Mpaka 2035. Na anayetakiwa kuyabeba hayo analipwa kwa siku, hajui kama kesho ataitwa langoni. Nimempigia simu yule kijana wa bustani. Anauza maji kwa mkokoteni huko Kongowea. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Daftari nani anashika sasa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Naamini sasa kwamba mpango hauwezi kwenda mbali kuliko mkataba wa anayeubeba. Na sheria imekaa upande huo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si pungufu ya mwezi, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mwezi. Biashara nyingi zinakikwepa kwa kuwasimamisha watu kidogo na kuwarudisha. Kwa muda mrefu niliyaona hayo kuwa mambo ya idara ya wafanyakazi, hayahusiani na mazingira. Ukuta ule uliovimba umeniambia vingine.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya Mazingira Duniani. Idara ya mauzo ilitaka picha za wageni wakipanda mikoko. Nimeomba tusifanye. Mikoko ina mahali pake kila mmoja: mlilana unakaa mbele ukipigwa na bahari, mkoko na mkandaa nyuma yake, na mche ukipandwa mahali pasipo pake hufa watu wakishaondoka. Fedha za shughuli zimepewa kikundi cha wakazi wa Tudor chenye kitalu chake, na watarudi kuiangalia miche hiyo mwakani.

Jumapili, 20 Julai

Tumewapeleka Bamburi, Haller Park, walio kazini na wale tisa pia. Nauli na chakula nimeomba vitoke kwenye bajeti ya mradi, na vimetoka.

Hapa ndipo penye mfano wa mpango mrefu ninaoujua kuliko wowote pwani hii. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji: mwamba mtupu wa matumbawe, maji ya chumvi chini, jua linachoma. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti. Kati ya aina 26, tatu tu zilihimili miezi sita ya mwanzo, mmojawapo mvinje. Mvinje ukakua, lakini majani yake yalianguka yakakaa chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, mbolea yao ikawa udongo, na udongo ukapokea miti mingine. Leo unatembea kwenye kivuli tupu na ndege wanapiga kelele juu.

Kijana wa bustani alikaa chini akamwacha jongoo mmoja apande mkononi mwake, akimtazama miguu inavyokwenda kama wimbi. Kisha akamuuliza aliyetutembeza, "Huku mwanzo, miti bado midogo, nani alikuwa akija kuiangalia kila siku?"

Walizungumza muda mrefu, kuhusu wafanyakazi waliokaa hapo miaka na miaka. Mkurugenzi alikuwa nyuma yao hatua mbili. Sikuongeza neno.

Jumanne, 19 Agosti

Kikao na wakurugenzi na mhasibu, saa nne na nusu. Nimeweka mezani mpango mpya, kurasa tisa, Kiswahili, nikaomba ule wa Aprili urudishwe kabatini. Kiini chake ni kitu tunachokiita kazi za kusi, yaani za miezi ya upepo wa kusini. Aprili hadi Juni wageni ni wachache na vyumba vitupu, na ndio wakati pekee ambao boila inaweza kufunguliwa na ukoko kutolewa, viyoyozi kushushwa na kupimwa gesi, milizamu kusafishwa kila wiki, matangi kujazwa. Kazi ya mazingira ya hoteli hii kwa kweli iko kwenye miezi ile ile ambayo watu wanarudishwa nyumbani.

Mkurugenzi alisema hawezi kulipa watu wakati hakuna wageni. Nilimwomba mhasibu, si mimi, asome alichokipata. Alikuwa ameweka upande mmoja mishahara ya watu tisa kwa miezi mitatu. Upande wa pili aliweka bauza za Mei, rangi ya ukuta, dizeli inayopotea kwa ukoko na mafundi wa nje wanaoitwa kwa dharura kaskazi ikifika. Pande mbili hazikulingana, mishahara ilizidi. Lakini haikuzidi kwa kiasi walichokidhania.

Tulibishana mpaka adhuhuri. Wamekubali watu sita, mkataba wa mwaka mzima, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Watatu hawakuingia, nao ni wasafisha vyumba ambao sikuweza kuwapatia kazi za kusi za kutosha. Mmoja wao ndiye aliyetuonyesha koki za ghorofa ya pili zinazovuja usiku. Nimeandika majina yao ukurasa wa kwanza wa kazi za mwakani.

Ijumaa, 12 Septemba

Neno moja kuhusu ghala la chai la Shimanzi, mradi wangu wa pili. Mnada wa chai uko Mombasa tangu 1969 na wanunuzi wa nje wanazidi kuuliza maswali, kwa hiyo nia ipo. Lakini meneja aliyetuita amehama. Tumepata mabati ya kupitisha mwanga na kukusanya plastiki ya kufungia mizigo, basi. Safari hii nilianza kwa kuuliza nani ameajiriwa vipi. Wapakiaji wote ni wa siku. Nimewaambia wenye ghala kwamba siandiki chochote cha 2035 kabla hatujalizungumza hilo.

Jumatatu, 10 Novemba

Vuli imeanza usiku wa Jumamosi. Nimefika saa moja kasorobo. Tangi la kwanza limejaa, la pili linapokea, maji ya mwanzo yamemwagwa na koki yake imefungwa. Milizamu haina jani.

Mama wa dobi alikuwa ameshatia mashuka ya kwanza. Akanivuta kwenye beseni, akapitisha mkono juu ya povu, akanipa pembe ya shuka niishike. "Haya, sikia mwenyewe," akasema.

Fundi ana wasiwasi kuwa mvua tupu inaweza kula chuma cha boila, na ana haki. Wiki hii anapima uchachu wa maji na kuyatia dawa kabla hayajaingia. Bodi imeuliza kuhusu paa la upande mpya, ambalo ni kubwa mara tatu.

Kwenye daftari, kurasa tupu za Mei hadi Agosti zimeachwa vile vile. Nilitaka zikatwe, kijana akakataa. Baada yake ameanza ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula: stima, kaunti, kisima, dizeli, na safu ya tano ambayo sikumchorea mimi, *mvua*. Leo ameandika lita 17,700 na ushei. Saba zote mbili zina kistari.

Jumatano tunapanda kupima paa la upande mpya. Ameomba ashike ile ncha ya pili ya futi kamba.